Umevua Joho: Nani Atafuata Afya Yako?

Msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wale waliovaa joho mwaka huu au mwaka jana, wakapigwa picha katikati ya mama na shangazi, wakarudi nyumbani na shahada ndani ya bahasha. Au huenda ni mwanao. Vyovyote iwavyo, kuna jambo moja linalotokea siku ya pili yake ambalo halitajwi katika hotuba za mahafali. Mtu huyu, ambaye kwa miaka minne alikuwa na nambari ya usajili, zahanati ya chuo, bweni na saa maalumu za kula, sasa hahesabiwi na yeyote. Akiumwa na kichwa hununua vidonge dukani. Akinenepa hakuna anayeandika. Akikonda, jirani husema ni mawazo ya kutafuta kazi.

Leo tutazungumza juu ya watafiti waliokataa kuwaacha wahitimu wapotee hivyo. Waliandika majina yao, wakawatumia maswali kwa posta mwaka baada ya mwaka, wakasubiri. Waliyoyapata yanamhusu sana kijana wa Nairobi, Mombasa au Kisumu anayeanza maisha leo.

Kwanza tuelewane kuhusu njia yenyewe. Tuseme daktari anasimama katikati ya jiji asubuhi moja na kuwapima watu 500 presha. Anagundua kwamba wanaokaa kitini siku nzima ndio wenye presha ya juu. Je, kiti ndicho kilicholeta presha? Hawezi kujua. Pengine wale walikuwa wagonjwa tangu zamani, na kwa kuwa walichoka upesi walichagua kazi ya kukaa. Picha ya siku moja haionyeshi kilichotangulia na kilichofuata. Ili kujua, ni lazima uanze na watu wakiwa wazima, uandike wanavyoishi, kisha ungoje miaka kumi, ishirini, hamsini, na uhesabu ni nani aliyeugua. Kazi hiyo ina gharama na inachosha. Baadhi ya wanaoianza hufa kabla haijaisha.

Kwa nini basi wafuatwe wahitimu wa vyuo vikuu? Si kwa sababu maisha yao yana thamani kuliko ya mwuza mboga wa Gikomba. Ni kwa sababu chuo kinayo majina yao, wanaweza kujaza karatasi ndefu ya maswali bila kusaidiwa, na wengi wao huanza wakiwa na afya njema. Kuna faida nyingine: kwa kuwa elimu yao inakaribiana, tofauti ya afya baina yao haiwezi kusukumiwa kwa urahisi kwamba huyu alisoma na yule hakusoma.

MCHEZAJI ALIYEACHA KUCHEZA

Huko Marekani, daktari Ralph Paffenbarger alichukua orodha ya wanaume walioingia Chuo Kikuu cha Harvard kati ya mwaka 1916 na 1950. Aliwauliza mambo ya kawaida kabisa: unapanda ngazi ngapi kwa siku? Unatembea umbali gani? Unacheza mchezo gani, na kwa saa ngapi katika juma? Akapiga hesabu ya nguvu ambazo mwili wa kila mmoja ulitumia.

Mwaka 1978 alichapisha hesabu ya 572 kati yao waliopatwa na shambulio la moyo kwa mara ya kwanza. Wale waliotumia chini ya kalori 2,000 kwa juma katika shughuli hizo walikuwa katika hatari iliyozidi kwa asilimia 64 ile ya wenzao waliotumia zaidi. Mwaka 1986 alirudi na hesabu ya wanaume 16,936, ambao 1,413 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Vifo miongoni mwa waliofikisha kalori 2,000 au zaidi vilikuwa pungufu kwa kati ya robo na theluthi.

Lakini jambo ambalo ningependa ulikumbuke ni jingine. Katika orodha ile walikuwamo waliokuwa nyota wa michezo chuoni, vijana wenye vifua vipana waliopewa vikombe. Ungetarajia kwamba mioyo yao ingewalinda hadi uzeeni. La. Nyota aliyeacha mazoezi baada ya kufuzu hakubaki na kinga ile. Naye mwanafunzi ambaye hakuwahi kugusa mpira, lakini akaanza kutembea na kujishughulisha utu uzimani, alipata faida. Mwili hauweki akiba ya mazoezi ya zamani kama fedha za benki.

Nami nikiri hapa. Nilicheza mpira wa mikono chuoni, na kwa miaka sita baadaye niliendelea kujiita mchezaji, ingawa mazoezi yangu yote yalikuwa kupanda matatu na kushuka. Suruali ya mahafali ndiyo iliyoniambia ukweli.

Kalori 2,000 ni nini katika maisha ya kawaida? Kwa mtu wa uzani wa kilo 70 hivi, ni sawa na kutembea kama kilomita 30 kwa juma. Ukigawa kwa siku sita, ni kilomita tano kwa siku, yaani saa moja ya mwendo wa mtu mwenye haraka. Wengi wa wanaoishi Eastlands wamekwisha kutembea kiasi hicho kabla ya mhitimu mwenye gari hajapata mahali pa kuegesha. Paffenbarger mwenyewe aliyasadiki matokeo yake: alianza kukimbia akiwa amepita miaka 40, akashiriki marathoni mara nyingi.

Tukumbuke hata hivyo kwamba utafiti ule wa Harvard ulikuwa wa wanaume tu, tena wengi wao wenye nafasi nzuri ya maisha. Dada zetu hawakuwamo. Kasoro hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu tunahitaji mfano wa pili.

SAHANI YA MHITIMU

Nchini Uhispania, Chuo Kikuu cha Navarra kilianza mwezi wa Desemba 1999 kuwafuata wahitimu, wanaume kwa wanawake. Utafiti huo uliitwa SUN. Kila baada ya miaka miwili mhitimu hupelekewa karatasi ya maswali: uzani wako ni kilo ngapi, umeambiwa na daktari una presha au kisukari, unakula nini. Sehemu ya chakula peke yake huuliza juu ya vyakula zaidi ya 130. Mlango wa kuingia uliachwa wazi, hivyo waliofuzu miaka ya baadaye waliendelea kujiunga na idadi ikapita 22,000.

Mwaka 2019 watafiti wa SUN walieleza hali ya watu 19,899 kuhusu vyakula vilivyosindikwa sana viwandani: soda, biskuti, soseji, vibanzi vya pakiti, na vingine vya aina hiyo. Wale waliokula zaidi ya mara nne kwa siku walikuwa katika hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 62 ile ya waliokula mara chache kabisa. Unaweza kudhani mara nne kwa siku ni ulafi. Hesabu mwenyewe: soseji asubuhi karibu na stendi, soda na keki ya pakiti mchana, vibanzi vya pakiti jioni ukingoja gari. Umefika.

Mapema zaidi, mwaka 2009, watafiti hao walikuwa wamechapisha jambo lililowashangaza wengi. Waliwafuata zaidi ya watu 10,000 ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa huzuni kubwa. Baada ya miaka minne na kitu, 480 walikuwa wameupata. Waliokuwa wakila mboga, matunda, maharagwe, dengu, samaki na mafuta ya zeituni kwa wingi waliupata kwa uchache kuliko wengine. Usije ukafikiri ni lazima ununue zeituni za bei. Sukuma wiki, maharagwe, ndizi na omena ni jamaa wa karibu wa sahani hiyo, navyo viko sokoni kwako.

Hapa mtafiti mwaminifu huinua kidole. Mtu anayeanza kuwa na huzuni hupoteza hamu ya kupika, hula chochote kilicho karibu. Je, ni chakula kilicholeta huzuni au huzuni iliyoharibu chakula? Ndiyo maana walianza na watu ambao hawakuwa na ugonjwa. Hilo hupunguza shaka, ingawa haliimalizi.

BARUA ZA MWAKA 1946

Mfano wa tatu ndio unaonigusa zaidi, kwa kuwa unahusu kutafuta na kukosa. Mwaka 1938 watafiti wa Harvard walianza kuwafuata wanafunzi 268, wote wanaume. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, vijana hao waliandika majibu marefu kuhusu mambo magumu waliyoyapitia. Karatasi ziliwekwa kabatini. Miaka mingi baadaye wataalamu wa saikolojia walizitoa, wakachukua za wahitimu 99, na kuangalia kila mmoja alivyoeleza balaa lililompata. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988.

Baadhi waliandika kwa namna ya kusema: kosa ni langu, litakuwa hivi siku zote, na litaharibu kila kitu. Wengine waliona balaa kuwa lina sababu yake, na mipaka yake. Waandishi wa aina ya kwanza walikuwa na afya mbaya zaidi ya mwili walipofika miaka 45 hadi 60, hata baada ya kuzingatia kwamba wakiwa na miaka 25 walikuwa wazima sawa na wenzao.

Msomaji unayezungusha barua za maombi ya kazi, sikiliza unavyojisemesha. Kuna tofauti kati ya kusema, "Sikupata kazi ile kwa sababu nafasi ilikuwa moja na tulioomba tulikuwa mamia," na kusema, "Sikupata kwa kuwa mimi ni wa kushindwa, na sitapata kamwe." Sentensi ya kwanza mara nyingi ndiyo ya kweli. Sisemi ujilazimishe kucheka. Ukiwa huna usingizi, huna hamu ya chakula wala ya watu kwa muda wa majuma mawili au zaidi, hilo ni jambo la kumwona daktari au mshauri, sawa na homa isiyopungua. Na ukisikia mawazo ya kujidhuru, usingoje hata siku moja.

Utafiti huohuo ulitoa somo kuhusu pombe. Daktari George Vaillant, aliyeuongoza kwa miongo mingi, aliona kwamba kwa wengi ulevi ulitangulia na huzuni ikafuata, wala si kinyume chake kama wanywaji wanavyopenda kueleza. Ulevi pia ndio uliovunja ndoa nyingi za wanaume hao.

WANAOPOTEA

Kila utafiti wa kufuata watu una tundu moja: wapo wasiojibu. New Zealand ilipoanza mwaka 2011 kufuata wanafunzi zaidi ya 8,700 waliokaribia kufuzu katika vyuo vikuu vyake vyote vinane, watafiti walijua kwamba wengi wangehama na kubadili anwani. Kwetu ni vigumu zaidi. Mhitimu hubadilisha laini ya simu, huhama Kahawa akaenda Rongai, hurudi mashambani kodi inapomshinda. Na anayenyamaza aghalabu ndiye mambo yamemwendea vibaya. Mwenye kazi nzuri hujibu upesi. Kwa hiyo takwimu zinazobaki zinaweza kuonyesha afya nzuri kuliko iliyopo.

Jambo hilo linaweza kufanyika nchini, mradi watu watembelewe. Huko Korogocho na Viwandani, watafiti wa kituo cha APHRC walianza mwaka 2002 kufuatilia maelfu ya familia mlango kwa mlango, wakiandika kuzaliwa, kuhama na kufa.

Wewe unaweza kujifuata mwenyewe kwa daftari la shilingi chache. Mwezi ule uliofuzu uwe mwezi wako wa kipimo kila mwaka. Andika uzani, na mzunguko wa kiuno kwa futi ya fundi cherehani, ukipima usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamume, kiuno kinachopita sentimita 94 ni onyo, na kwa mwanamke ni sentimita 80. Pima presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Kipimo cha 140 juu ya 90 kikijirudia siku tofauti, nenda kwa daktari hata kama huhisi lolote, maana presha haina kelele. Ikiwa mzazi wako ana kisukari, ongeza kipimo cha sukari. Kisha andika unakunywa chupa ngapi kwa juma, unatembea siku ngapi, na jina la mtu mmoja ambaye ungempigia simu usiku wa manane.

Jiandikishe pia katika bima. SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kanuni zake zilimtaka asiye na mshahara alipe si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Wazazi wengi hudhani mtoto aliyefuzu angali chini ya kadi yao. Uliza kabla hujaugua.

Daftari hilo usilifiche chini ya godoro. Lipige picha kila mwaka umtumie ndugu yako au rafiki mliyekaa naye bwenini, naye akutumie lake. Akichelewa mwaka mmoja, mpigie.