SOMO: NENO LISILO NA MWENYEWE

Lengo la somo: Kuzisaidia kamati za sharika na wafadhili kuwalinda wanafunzi wa vyuo dhidi ya uvumi wa siri, bila kuwanyamazisha wenye malalamiko ya kweli.



Vijana wengi wa sharika zetu wanasoma vyuoni Shinyanga, Kahama na Geita, na baadhi yao wanalipiwa ada kwa michango yenu. Katika simu zao kuna makundi ambamo mtu huandika kwa jina la bandia. Msichana akionekana na simu mpya, husemwa analipiwa na mwenye duara la dhahabu. Kijana akirudi na fedha kutoka machimboni, husemwa ametoa kafara. Anayesemwa hajui amjibu nani. Huanza kukwepa darasa, kisha ibada. Uvumi huo ukifika kwenye kamati, anaweza kupoteza na ada.

1. Jambo hili si geni kwetu

Katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa jikoni. Ukiuliza nani alisema kwanza, jibu huwa "watu wanasema". Simu haikuleta tabia hii, bali imeiongezea kasi.

2. Siri ni za aina mbili

Machi 2009 Serikali iliendesha kura za siri Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, ili wananchi wawataje waliowashuku kuhusika na mauaji ya watu wenye ualbino. Kura hizo ziliweza kumsaidia mnyonge aseme bila kuogopa kisasi. Lakini mwenye chuki naye aliweza kuandika jina la jirani yake. Ndiyo maana jina kwenye karatasi si ushahidi. Kazi ya kuchunguza hubaki palepale. Katika makundi ya simu hakuna anayechunguza, na hukumu hutolewa siku hiyohiyo.

Hata hivyo, tusiseme kila siri ni mbaya. Mwanafunzi anayedaiwa ngono na mkufunzi ili apewe alama anastahili kulindwa. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. La kujiuliza ni hili: neno limepelekwa kwa mwenye wajibu wa kuchunguza, au kwa watazamaji?

3. Sheria na Neno la Mungu

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza taarifa za uongo na kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao. Aidha, laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, na Januari 2020 zilianza kuzimwa zile ambazo hazijasajiliwa. Anayejificha kwa wenzake anaweza kupatikana na polisi.

Kumbukumbu la Torati 19:15 hudai mashahidi wawili au watatu. Mathayo 18:15-17 huanza kwa kumwendea mhusika mwenyewe, faraghani.

4. Hatua tunazopendekeza

(a) Kamati isisitishe ada ya mwanafunzi kwa ujumbe usio na jina. Kwanza aitwe, asikilizwe, na mlezi wake awepo.
(b) Kila usharika uteue mama mmoja na baba mmoja wa kupokea malalamiko ya vijana. Jina la mlalamikaji litunzwe, lakini wao walijue.
(c) Mfadhili akipokea uvumi, aurudishe kwa kamati kabla ya kuamua lolote.
(d) Kosa la jinai lipelekwe polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au TAKUKURU. Lisimalizwe kikaoni.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, binti mwenye malalamiko anamwendea nani leo?
2. Je, tumewahi kumnyima mtu msaada kwa neno ambalo hatukumjua mwenyewe?
3. Aliyesingiziwa akionekana hana kosa, tutamrudishiaje heshima yake mbele ya wale walioamini?