Mama anadai mkwe wake anamwibia: uzee, uchawi au ugonjwa?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 74 na tunaishi naye hapa Muheza, Tanga. Ana presha ya siku nyingi. Tangu mwaka juzi anarudia swali lilelile mara nyingi na mara mbili ameunguza chakula jikoni. Sasa anawaambia watu kwamba mke wangu anamwibia hela na kanga zake. Mwezi uliopita alitoka ndani kabla hakujapambazuka, akakutwa amesimama uani kwa jirani. Watu wameanza kunong'ona. Shangazi anasema mama amechezewa, tumpeleke kwa mganga. Mke wangu amechoka na anataka kurudi kwao. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, poleni sana, wewe na mama, na kwa namna ya pekee mkeo. Siwezi kumpima mgonjwa kwa barua, lakini dalili ulizozieleza zinafanana sana na demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu, uamuzi na uwezo wa kujihudumia. Ukiuelewa hivyo, mambo mengi yanayoigombanisha nyumba yako yatapata maelezo.

Demensia husababishwa na maradhi zaidi ya moja. Unaoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Huo huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, ndiyo maana mgonjwa anaweza kukusimulia harusi yake neno kwa neno lakini asikumbuke kama amekula mchana. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, mara nyingi kwa watu wenye presha isiyodhibitiwa. Kwa kuwa mama ana presha, mweleze daktari jambo hilo mapema.

Usikubali kuambiwa "ni uzee tu". Mzee kusahau jina la mgeni kisha likamrudia baadaye ni kawaida. Kupotea kwenye njia ya sokoni aliyoipita maisha yake yote si kawaida. Wala ugonjwa huu si wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi nao, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia.

Sasa tuje kwenye tuhuma za wizi, maana naona ndizo zinazovunja nyumba. Mgonjwa huficha hela yake mahali salama, kisha anasahau kwamba ameificha. Akiitafuta asiione, akili yake inapata jibu moja tu: imeibwa. Na mwizi atakuwa nani, kama si yule anayeingia chumbani mwake kila siku, anayefua na kutandika? Kwa hiyo anayelaumiwa mara nyingi ndiye anayehudumia kuliko wote. Mama hasemi uongo. Anaamini kabisa anachokisema, na ukibishana naye utamwongezea hofu. Mwambie, "Mama, tuitafute pamoja." Zijue sehemu zake za kufichia: ndani ya foronya, chini ya godoro, kwenye kopo la unga. Mwachie hela kidogo mkononi ili asijione fukara. Halafu itisha kikao cha ndugu, mkeo akiwepo, uwaeleze wote kwamba huo ni ugonjwa na kwamba mkeo hajaiba kitu. Jina lake lisafishwe hadharani, kwa kuwa limechafuliwa hadharani.

Baada ya hapo mpeleke mama hospitali ya wilaya. Si kila anayesahau ana demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende ya zamani, VVU, sonona, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, vyote vinaweza kuvuruga akili, na vyote vina tiba. Nenda na dawa zake zote ndani ya mfuko, hata zile za kununua dukani. Wazee wengi hutumia Piriton au Valium ili wapate usingizi, na dawa hizo huzidisha kuchanganyikiwa. Omba pia apimwe masikio na macho, kwani asiyesikia vizuri na mwenye mtoto wa jicho huonekana amechanganyikiwa kuliko alivyo. Na siku akibadilika ghafla, kwa saa au siku chache tu, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, kiharusi au sukari kushuka.

Ikithibitika kuwa ni Alzheimer, ujue kwamba hakuna dawa ya kuuponya. Zipo dawa kama donepezili na memantini ambazo huwapa nafuu kiasi baadhi ya wagonjwa. Jihadhari na dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, kama haloperidoli. Kwa wazee wenye demensia huongeza hatari ya kiharusi na kifo, hivyo zitolewe na daktari tu, kwa sababu maalumu na kwa muda mfupi. Kumfungia chumbani au kumfunga kamba ni ukatili, na humzidishia vurugu.

Kwa usiku, kinachosaidia ni mchana wenye shughuli. Mpe mchele achambue, akae nje kwenye mwanga, asilale sana adhuhuri. Acheni taa ndogo iwake njiani kuelekea chooni, na komeo la mlango liwe juu asikoangalia. Shonea namba yako ya simu kwenye nguo yake.

Kuhusu minong'ono, usiipuuze. Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu ambao moshi wa jikoni unatosha kuuleta. Huko Kilifi, Kenya, wazee waliotishiwa kuuawa wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma. Mzee aliyepotea na kusimama uani kwa mtu alfajiri anaweza kupoteza maisha kwa ugonjwa ambao jirani haujui. Kwa hiyo nenda wewe mwenyewe kwa huyo jirani, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa kiongozi wenu wa dini, uwaeleze hali ya mama na uwaachie namba yako. Dua na sala hazina ubaya. Lakini yeyote atakayekutajia mchawi, au kukuambia mama aache vidonge vya presha, muage uondoke.

Mwisho ni mkeo. Kama mna ndugu wanaotuma hela kutoka mbali, wanasaidia, lakini hela haiamki usiku wa manane. Pangeni zamu. Ni afadhali wao waje kukaa na mama kuliko kumhamisha nyumba hadi nyumba, kwa sababu mazingira mapya humvuruga zaidi. Siku hizo mkeo apumzike kweli, akitaka aende kwao akatembee na kurudi. Na mambo ya shamba na nyumba yazungumzwe sasa, wakati mama bado anaweza kusema analotaka.

Najua na wewe unajiuliza kama utaurithi. Kwa walio wengi, mzazi kuugua huongeza hatari kidogo, hakumfungii mtoto hukumu. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutosikia vizuri, upweke na majeraha ya kichwa. Pima presha yako, na ukipanda bodaboda vaa kofia ngumu.

Wiki hii fanya matatu: mpeleke mama hospitali, keti na ndugu zako, zungumza na jirani. Nanyi wasomaji wengine, mkimkuta mzee amepotea uani kwenu alfajiri, msimpigie kelele. Mpeni maji, muulizeni kwao ni wapi, kisha mrudisheni nyumbani.