Jisafishie Dohani ya Jiko la Kuni

Mada yangu si ya fasihi wala ya sarufi. Ni ya masizi. Usicheke bwana! Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiposafisha dohani nawe, pengine utajenga jikoni upya.

Neno dohani limetokana na neno la Kiarabu linalomaanisha moshi. Hapa Thika na kwetu Ruiru aghalabu twasema tu "bomba la moshi". Shule nyingi nchini hupika githeri kwa kuni, kwenye masufuria makubwa yaliyojengewa matofali, na moshi hutolewa nje kwa bomba. Jiko la nyumbani ni dogo, lakini mambo ni yale yale.

KWA NINI BOMBA HUZIBA

Moshi una mvuke wa maji, gesi, na chembe ambazo hazikuungua. Ukigusa bomba lililopoa, huganda. Kwanza huwa masizi makavu, kisha magamba magumu, na mwishowe lami nyeusi inayong'aa. Adui mkuu ni kuni mbichi. Sisi huchoma matawi ya kahawa yaliyopogolewa, pamoja na mikaratusi. Tawi la kahawa lililokauka huwaka vyema. Mkaratusi uliokatwa wiki jana, lo! Hulia na kutoa povu, na moto wake ni moshi mtupu.

Hatari ni mbili. Ya kwanza, lami hiyo inaweza kushika moto ndani ya bomba na kuunguza paa. Ya pili, bomba likiziba, kaboni monoksaidi hurudi ndani. Gesi hii haina rangi wala harufu. Huumiza kichwa, huleta kizunguzungu, na huua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majiko ya nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Wengi wanaovuta moshi huo ni mama zetu na watoto wanaobebwa mgongoni.

VIFAA

Tayarisha ngazi imara, tochi, kioo kidogo, magunia mawili, glavu, kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na ndoo ya bati yenye kifuniko. Ndoo ya plastiki haifai, maana kaa dogo laweza kuwa limejificha ndani ya masizi. Brashi unaweza kuitengeneza: funga nyuzi za katani kwenye ncha ya fito ndefu hadi zijae bomba.

HATUA ZA KUFUATA

1. Acha jiko lipoe usiku kucha, kisha zoa majivu.

2. Tandaza gunia sakafuni. Ziba mdomo wa jiko kwa gunia la pili lililoloweshwa maji kidogo.

3. Panda ngazi huku mwenzako akiishika. Kwenye paa la mabati, kanyaga juu ya mistari ya misumari, kwani chini yake ndiko kuna mbao. Mvua ikinyesha, ahirisha kazi.

4. Ondoa kofia ya bomba uikwangue. Teremsha brashi polepole, uipandishe na kuiteremsha hadi usisikie tena masizi yakianguka.

5. Shuka ufungue kiwiko, yaani pale bomba linapopinda. Hapo ndipo masizi hulala kwa wingi.

6. Elekeza kioo chini ya bomba utazame juu. Ukiona mbingu, umefaulu! Ukiona tundu la kutu, kipande hicho kibadilishwe. Mafundi wa jua kali hutengeneza vipande hivyo.

7. Rudisha vipande. Ncha ya kipande cha juu iingie ndani ya kipande cha chini, ili lami ikiteremka ibaki ndani. Bomba letu la Ruiru liliwekwa kinyume na fundi mmoja, na ukuta wa nyanya ukawa na michirizi myeusi miaka miwili. Tulipoligeuza, michirizi ikakoma.

8. Washa karatasi ndani ya jiko. Moshi ukipanda bila kurudi, kazi imekwisha.

TAHADHARI

Usimwage mafuta ya taa wala kuwasha moto mkubwa ili "kuunguza" lami. Lami iliyogandamana haitoki kwa brashi, kwa hivyo ni afadhali kubadilisha kipande. Bomba likiwahi kushika moto na kunguruma, funga mlango wa jiko, toa watu wote nje, upige kelele majirani waje.

Baada ya kazi, oga kwa sabuni. Huko London mwaka wa 1775, daktari Percivall Pott alieleza jinsi masizi yalivyohusiana na saratani ya ngozi ya wasafishaji dohani, ambao wengi wao walianza kazi hiyo wakiwa watoto. Masizi si uchafu wa kuchezea.

Kagua bomba kila mwezi. Masizi yakifikia unene wa milimita 3, safisha. Kuni nazo zipasuliwe na kupangwa chini ya paa miezi sita au zaidi. Nyanya husema, "Mjukuu wangu, jiko likitema moshi lina neno." Basi tulisikilize.

ZOEZI

(a) Eleza tofauti kati ya moshi, masizi na majivu.
(b) Kwa nini ndoo ya bati ni bora kuliko ya plastiki?
(c) Nenda nyumbani ukatazame bomba lenu. Lilisafishwa lini?