Bima ya Tiba kwa Vijana Waendao Kusoma Ng'ambo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Wako wazazi wengi katika pwani yetu ambao vijana wao wamepata nafasi katika vyuo vikuu vya Uingereza, Marekani na Ujerumani. Baba amekwisha hesabu ada ya chuo, na nauli, na kodi ya chumba, na chakula. Kisha huletewa hati nyingine imwambiayo kwamba kijana wake hatapewa viza, au hataandikwa chuoni, illa atimize sharti la tiba. Hapo humwingia mashaka mawili. La kwanza ni la fedha, kwani hakuitia hesabuni. Na la pili ni la dini, kwani amesikia tangu utotoni kwamba bima haifai. Basi yuko alipaye bila ya kujua anacholipia, na yuko amzuiaye kijana nyumbani. Wote wawili wamefanya haraka. Yatupasa kwanza tujue kitu chenyewe, ndipo tujue hukumu yake. Kwa kuwa jina la bima ni moja, na mambo yaitwayo kwa jina hilo si mamoja.

Uingereza

Mwanafunzi anayekwenda huko kwa zaidi ya miezi 6 huilipa serikali ada ya afya pamoja na maombi yake ya viza. Ada hii ilianza mwaka 2015, nayo ilikuwa pauni 150 kwa mwaka kwa mwanafunzi; na tangu Februari 2024 imekuwa pauni 776. Hulipwa yote pamoja kwa muda wote wa viza, wala si mwaka kwa mwaka. Miaka 3 ni pauni 2,328. Na kwa kuwa viza huzidi masomo kwa miezi michache, ile ziada ikiwa ni miezi 6 au chini yake hulipiwa nusu ya mwaka, yaani pauni 388. Jumla ni pauni 2,716, kabla kijana hajapanda ndege. Viza ikikataliwa, ada hii hurudishwa.

Akiisha kulipa, hutibiwa kama watibiwavyo wenyeji katika huduma ya afya ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1948: humwona daktari na hulazwa hospitali bila ya kutozwa. Walakini meno na miwani havimo, na dawa za cheti cha daktari hulipiwa katika England. Na kijana asingoje kuugua. Akifika tu, ajiandikishe kwa daktari wa mtaa anaokaa.

Marekani

Huko mambo ni mengine. Mwenye viza ya mwanafunzi iitwayo F-1 halazimishwi bima na sheria ya dola kuu, lakini vyuo vingi vyamlazimisha, na mara nyingi chuo humwandikia bima yake chenyewe katika hesabu ya ada, illa alete kabla ya siku iliyowekwa hati ya kuwa anayo nyingine inayotosha. Ama mwenye viza ya J-1, ya mabadilishano, huyo amelazimishwa na kanuni ya serikali: bima yake isipungue dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa, na dola 25,000 za kurudisha maiti kwao. Akiacha bima kwa makusudi, ruhusa yake ya masomo hukatwa.

Wala mtu asidhani kwamba mwenye bima hatoi kitu. Kanuni hiyo yaruhusu mgonjwa aanze kutoa mwenyewe hata dola 500 kwa kila ugonjwa, kisha achukue hata robo ya gharama zilizobaki. Tuseme hospitali imedai dola 20,000. Kijana atoa 500, zabaki 19,500, robo yake ni 4,875. Basi mwenye bima adaiwa dola 5,375. Baba asiyejua haya hulala na amani isiyo na msingi, hata siku ya kuletewa hati ya deni.

Ujerumani

Kijana aliye chini ya miaka 30 huingia katika bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi, akalipa kila mwezi. Na chuo hakimwandiki mpaka kipate khabari ya bima yake. Yuko apendaye kampuni ya binafsi kwa kuwa bei yake ya mwanzo ni nafuu, akaomba kuachiliwa na bima ya umma. Ajue kwamba akiisha kuachiliwa, hawezi kurudi muda wote wa masomo yale. Urahisi wa mwezi mmoja waweza kuwa uzito wa miaka.

Hukumu yake

Bima si jambo geni kwa wanazuoni. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliikataza bima ya mali za majahazi waliyoichukua wafanya biashara wa zama zake. Na katika mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilitoa uamuzi kwamba bima ya biashara haifai kwa sababu ya gharar iliyomo, yaani kuuziana jambo lisilojulikana. Na kwamba bima ya kusaidiana yafaa. Katika wanazuoni wa zama hizi wako pia walioruhusu, kama Sheikh Mustafa al-Zarqa, aliyefariki mwaka 1999.

Tazama sasa ndugu yangu. Ada ya Uingereza si mkataba na kampuni. Ni tozo la serikali, na anayelitoa hufunguliwa mlango wa tiba. Haikufaa kuitia katika hukumu ya bima ya biashara. Ama mkataba wa kampuni ambao sheria au chuo kimeushurutisha, wanazuoni wengi wamesema kwamba aliyelazimishwa hana dhambi, naye achukue kile alicholazimishwa. Na akipata bima ya kusaidiana inayokubaliwa na chuo, hiyo ndiyo bora. Kutawakali si kuacha ngamia bila ya kumfunga.

Na liko jambo moja ambalo kampuni haitamwambia mtu. Zile dola za kurudisha maiti hazimlazimu mtu kurudishwa. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa ni haramu kumhamisha maiti kwenda mji mwingine, na kauli nyingine ni makuruhu, illa akiwa karibu na Makka, Madina au Baitul Muqaddas. Basi kijana aandike wasia wake kabla ya safari, azikwe na Waislamu wa mahali alipofia, ili wazazi wasije wakagombana na msiba uko mlangoni.

Nasaha

Kabla ya kulipa, baba na mwana wakae pamoja wausome mkataba, waulize mambo matano: Ni nani anayelazimisha bima hii, serikali au chuo? Yaanza siku gani na kwisha siku gani? Mgonjwa atatoa kiasi gani mwenyewe? Ugonjwa aliokuwa nao tangu nyumbani, kama pumu au kisukari, umo au haumo? Na hospitali zipi zinazokubali karatasi hiyo? Majibu wayatake kwa maandishi, kisha nakala moja ibaki nyumbani. Na kwa kuwa viwango hubadilika, watazame kiwango cha mwaka wao katika tangazo la serikali au la chuo chenyewe, wala wasitegemee neno la dalali.

Kijana ni amana mikononi mwetu. Tunayemtuma kutafuta ilimu katika nchi ya baridi, mbali na mamaye, tusimtume na karatasi tusiyoisoma. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape afya na ilimu yenye manufaa, na awarudishe salama. Amin.