Mama Anaponyonyesha, Je, Anaweza Kupata Mimba?



Katika semina za ndoa kuna swali ambalo akina mama huuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi wakati wanaume wamekwisha kutoka nje: “Mwalimu, bado ninanyonyesha, na tangu nijifungue sijaona siku zangu. Imekuwaje nikapata mimba?”

Swali hili si la mama peke yake, ni la nyumba nzima. Mimba isiyotazamiwa ikija, bwana aweza kumshuku mkewe, majirani hucheka, na mtoto wa miezi minane huondolewa ziwani kwa ghafla. Chanzo cha huzuni hiyo yote ni jambo moja ambalo hawakufundishwa: kutoona damu ya mwezi si sawa na kutoweza kupata mimba. Leo tujifunze pamoja. Bwana, usigeuze ukurasa; somo hili ni lako pia.

1. Mwili wa mama baada ya kujifungua

Baada ya kujifungua, mama hutokwa na damu kwa muda wa wiki nne hadi sita hivi, ikipungua polepole. Damu hiyo si hedhi. Ni mji wa mimba unaojisafisha na kupona mahali kondo la nyuma liliposhikamana. (Damu ikiwa nyingi mno, ikinuka vibaya, au mama akipata homa, asingojee. Aende hospitali siku hiyo hiyo.)

Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu iliyo kwenye chuchu hupeleka habari kwenye ubongo wa mama. Ubongo nao hufanya mambo mawili. Kwanza, hutoa homoni iitwayo prolaktini, inayoagiza maziwa yatengenezwe. Pili, hupunguza amri zinazokwenda kwenye ovari, mahali mayai ya mama yanapokomaa. Kwa hiyo yai halipevuki, na hedhi haiji.

Angalieni vizuri: kinachochelewesha mimba si maziwa yaliyomo kifuani, bali ni kule kunyonya kwenyewe. Mtoto akinyonya mara nyingi, mchana na usiku, ovari hupumzika. Akianza kulala usiku kucha, au akishibishwa uji na maziwa ya ng’ombe, kunyonya hupungua na ovari huamka.

Mama asiyenyonyesha kabisa hana kinga hii. Yai lake laweza kupevuka hata katika wiki ya nne baada ya kujifungua.

2. Masharti matatu

Mwaka wa 1988 wataalamu wa uzazi walikutana Bellagio, nchini Italia, wakalinganisha tafiti kutoka nchi mbalimbali. Walikubaliana kwamba kunyonyesha humpa mama kinga ya zaidi ya asilimia 98, endapo masharti haya matatu yametimizwa yote kwa pamoja:

(a) Mtoto hajatimiza miezi sita.

(b) Mama hajaona hedhi tangu ajifungue. Damu inayokuja baada ya wiki nane za kwanza ihesabiwe kuwa hedhi.

(c) Mtoto ananyonya maziwa ya mama tu, au karibu hayo tu, kila anapotaka. Mchana zisipite saa nne bila kunyonya, na usiku zisipite saa sita.

Sharti moja likivunjika, kinga imepungua, hata kama mengine mawili yamebaki. Msiseme, “Mtoto bado ananyonya, hakuna neno.” Jiulizeni: ananyonya mara ngapi? Usiku je? Ana miezi mingapi?

Hapa kwetu sharti la tatu ndilo gumu. Utafiti wa taifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 6 kati ya 10 walio chini ya miezi sita hunyonya maziwa ya mama peke yake. Wengine wamekwisha kuanzishiwa vyakula na vinywaji vingine. Tena, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu. Akirudi kazini, mtoto hubaki nyumbani na yaya kutwa nzima. Kumkamulia maziwa ni jambo jema sana, kwa maana hakuna chakula kinachomfaa kuliko hicho. Lakini mkono au pampu haiushtui mwili kama kinywa cha mtoto. Mama wa kazini asiitegemee kinga hii kama mama anayeshinda na mtoto wake. Kama kazini kuna chumba cha kunyonyeshea, ambacho Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri akiweke, mama akiulizie.

3. Yai hutangulia damu

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanasema, “Tutaanza kujihadhari nikiona mwezi.” Lakini katika mpango wa mwili, yai hupevuka kwanza, na hedhi hufuata wiki mbili hivi baadaye ikiwa mimba haikuingia. Mama anayengoja damu aweza kupata mimba kutokana na yai la kwanza kabisa, asione damu yoyote mpaka ajifungue tena.

Ni kweli kwamba mara nyingine damu ya kwanza huja bila yai kupevuka, hasa mtoto akiwa bado mchanga. Lakini kadiri miezi inavyosonga, ndivyo inavyozidi kuwezekana kwamba yai litatangulia. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Damu si wingu, wapendwa. Damu ni mvua iliyokwisha kunyesha.

4. Basi wingu ni lipi?

Wingu ni ute wa uzazi. Daktari John Billings na mkewe, Daktari Evelyn Billings, wa Australia, walitumia miaka mingi kuwafundisha wanawake kusoma dalili hii katika miili yao, hata wakati wa kunyonyesha.

Kila siku, anapokwenda haja na anapofanya kazi zake, mama huangalia anavyojisikia sehemu za siri: pakavu, unyevu, au utelezi? Usiku huandika kwenye daftari. Wakati ovari zimelala, hali huwa ile ile siku nenda siku rudi: aidha ukavu, au ute kidogo usiobadilika. Hali hiyo ikidumu wiki mbili bila kubadilika, mama ameijua hali yake ya kutokuwa na rutuba.

Siku za hali hiyo, mume na mke wanaweza kukutana jioni, lakini si siku mbili mfululizo, ili mbegu za mume zisimchanganye mama kesho yake. Badiliko lolote likitokea, iwe ni unyevu, utelezi, ute unaovutika kama ute wa yai bichi la kuku, au matone ya damu, wangoje. Hali ikirudi kama ya kwanza, wahesabu siku tatu zaidi. Siku ya nne jioni wako huru.

Badiliko hilo laweza kuja na kutoweka mara kadhaa kabla yai halijapevuka. Hedhi nayo ikirudi, mizunguko ya kwanza haina mpango: mmoja mfupi, mwingine mrefu. Kwa sababu hiyo, kuhesabu siku kwa kalenda hakufai wakati huu. Maelezo ya ukurasa mmoja pia hayatoshi. Nendeni nyote wawili kwa mwalimu wa njia za asili katika parokia, au kwa muuguzi wa kliniki anayezifahamu, tena mwende kabla mtoto hajatimiza miezi sita.

5. Kwa nini tujali nafasi kati ya watoto?

Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mwili wake unahitaji kurudisha damu na nguvu.

Mtoto naye ana haki yake. Ugonjwa wa kwashiakor uliingia katika vitabu vya madaktari katika miaka ya 1930 kwa jina la Kiga, lugha ya Ghana, ambalo maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Wazee wetu pia waliliona jambo hili. Pwani walisema mtoto “amebemendwa”, wakidhani tendo la ndoa limeyaharibu maziwa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, wala mimba haiyageuzi kuwa sumu. Kinachomdhuru mtoto ni kuondolewa ziwani kwa ghafla bila chakula cha kutosha. Mama akipata mimba akinyonyesha, asimkatize mtoto siku hiyo. Amwone muuguzi kwanza.

Kanisa nalo, katika barua ya Baba Mtakatifu Paulo VI ya mwaka wa 1968, *Humanae Vitae*, linafundisha kwamba wanandoa wenye sababu za haki wanaweza kupanga nafasi kati ya watoto kwa kuzitumia siku ambazo Mungu mwenyewe ameziweka bila rutuba. Na mtoto akija kabla ya wakati mliopanga, si kosa la mama. Ni mtoto wenu, apokewe kwa upendo.

6. Neno kwa bwana

Mke hawezi kubeba mpango huu peke yake. Akiandika daftari usiku na wewe huliangalii, kazi yake ni bure. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasimulia jinsi Hana alivyotaka kubaki nyumbani mpaka amwachishe mtoto ziwa, na Elkana mumewe akamkubalia. Akawa mume anayesikiliza. Mtume Paulo naye awaambia Wakorintho kwamba mume na mke wasinyimane ila kwa kupatana, na kwa muda. Hebu lishike neno hilo, kupatana. Mume anayelazimisha hakupatana na mkewe, na mke anayekataa bila kueleza hakupatana na mumewe.

Siku za kungoja, msaidie. Mbebe mtoto apate kulala. Mchotee maji. Mama aliyechoka sana hana nafasi ya kuziangalia dalili zake.

Zungumzeni wawili jioni hii

1. Mtoto wetu ana miezi mingapi, na hunyonya mara ngapi usiku?

2. Kati ya masharti matatu, ni lipi limekwisha kuvunjika nyumbani kwetu?

3. Tungependa mtoto afuataye aje lini, na kwa sababu gani?

4. Ni nani atakayetufundisha, na tutamwendea siku gani?

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Amina.