Ukurasa Mmoja kwa Lugha Mbili

Mama achukuaye maharage au mayai kuvuka mpaka wa Busia au Malaba ana haki ambayo wengi hawaijui. Ikiwa bidhaa zake zimetoka katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na zimo katika orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa pale pale mpakani cheti chepesi cha kuonyesha asili ya bidhaa, wala hadaiwi ushuru wa forodha. Asiyejua hayo humwendea dalali, au hupita njia za panya.

Basi, natuseme mmepewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa intaneti wa kumweleza mama huyu. Hapa Kiyeyi nyumbani twasema Dhopadhola na darasani Kiingereza, bali sokoni na mpakani Kiswahili ndicho kitupatanishacho na Wateso, Wasamia na wageni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imevifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Yafaa kwa hiyo lugha ziwe mbili.

Wajapani wametutangulia katika taabu hii. Maandishi yao hayaachi nafasi kati ya neno na neno, na zamani kompyuta zao zilikuwa na mipango mbalimbali ya kugeuza herufi kuwa namba. Ukurasa ulioandikwa kwa mpango mmoja ukisomwa kwa mwingine, hutoka takataka tupu, nao huziita mojibake. Msiwacheke! Ng'ombe wetu amepatwa na mambo hayo hayo: ile alama ndogo baada ya ng ikisomwa vibaya, hutokea "ngâ€™ombe". Dawa yake ni moja kwa Mjapani na kwetu, yaani kuandika kwa mpango wa UTF-8, na kuutaja mwanzoni mwa ukurasa.

Sasa, lugha zisichanganywe mstari kwa mstari, macho huchoka. Kila lugha ipewe ukurasa wake, na juu kabisa pawe na njia ya kuvukia upande wa pili. Njia hiyo imfikishe msomaji kwenye habari ile ile aliyokuwa akiisoma, isimrudishe mlangoni aanze kutafuta upya. Iandikwe "Kiswahili" na "English", kila lugha kwa jina lake yenyewe. Wengine hupenda kuweka bendera. Je, Kiswahili kitapewa bendera ya nani, ya Kenya, ya Uganda au ya Tanzania?

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni kuiambia kompyuta lugha ya ukurasa. Huandikwa lang="sw" kwa Kiswahili, na lang="en" kwa Kiingereza. Mwenye macho haoni tofauti yoyote. Lakini kipofu husomewa ukurasa kwa sauti na programu, kama NVDA, ambayo hutolewa bure na ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye mwenyewe ni kipofu. Programu hiyo ikidhani inasoma Kiingereza, "mzigo wake" huwa "mzigo weik", na "pale" huwa "peil". Nani ataelewa? Kanuni za kimataifa za mwaka 2008 zataka lugha ya ukurasa itajwe, na hata sentensi ya lugha nyingine iliyomo ndani itiwe alama yake.

Kipofu huyo huruka pia kutoka kichwa cha habari hadi kingine, kama nasi tupitishavyo macho gazetini. Kichwa kiwekwe alama ya kichwa, h1 kisha h2. Kukoza wino tu hakutoshi. Na orodha ya ushuru isiwe picha ya karatasi, kwa kuwa programu haiwezi kuisoma ipasavyo, na picha hula fedha ya simu.

Katika kufasiri, angalieni urefu. "Hawatakunyang'anya" ni neno moja kwetu, na Kiingereza hutumia manne au matano. Katika kioo chembamba cha simu neno refu hutoka nje ya mstari. Angalieni zaidi saa. Ofisi ifunguliwayo 8.00 a.m. kwa Kiswahili ni saa 2 asubuhi. Mfasiri akiandika "saa 8", mama atafika mchana. Wajapani nao huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, hata mwaka 2019, tangu Mei, huitwa Reiwa 1, na mfasiri asiyegeuza hesabu hupotosha watu vivyo hivyo.

Zoezi: Chukueni tangazo la siku ya kufungua shule, lenye tarehe, saa na ada. Liandikeni kurasa mbili, kisha mpeni mwenzenu alisikilize amefumba macho, naye aseme ni saa ngapi aje na alete nini.