Kumbukumbu Ziwe Mkononi Mwako: Mwongozo wa Teknolojia Mpya Kazini kwa Wavuvi, Wakulima, Wachimbaji na Wafanyabiashara wa Musoma, Bunda na Butiama

Kusudi

Kabla M-Pesa haijaanza nchini mwaka 2008, fedha za kutoka Mwanza kuja Musoma mara nyingi zilibebwa na mtu: dereva wa basi, ndugu, au mfanyabiashara anayeaminika. Leo zinaingia kwenye simu papo hapo. Mabadiliko ya namna hiyo yameshagusa taa za kuvulia dagaa, mizani ya pamba, uuzaji wa dhahabu na ukopaji. Faida yake ni kubwa. Lakini kila shughuli sasa inaacha kumbukumbu, na siku mkitofautiana, mwenye kumbukumbu ndiye mwenye nguvu. Mwongozo huu unakusaidia usiwe mtu ambaye habari za kazi yake zinajulikana kwa wengine tu.

1. Malipo: amini salio, usiamini ujumbe

Mnunuzi wa dagaa mwaloni Mwigobero anaweza kukuonyesha kwenye simu yake kwamba ameshalipa. Au ujumbe unaingia kwako ukiwa na kila kitu: kiasi, jina, namba ya muamala. Tazama kwanza umetoka wapi. Ujumbe halali huja kwa jina la huduma. Wa tapeli mara nyingi hutoka kwenye namba ya mtu. Usiishie hapo. Fungua menyu, angalia salio lako, ndipo uruhusu gunia lipakiwe. Mnunuzi wa kweli hatakasirika kusubiri kidogo.

Zingatia pia haya:

- Pokea fedha za biashara kwa lipa namba, na za nyumbani kwa namba yako binafsi. Ukizichanganya hutajua kama biashara inapanda au inashuka.
- Mtu akidai amekutumia fedha kimakosa, mwelekeze kwa mtandao wake. Usimrudishie mwenyewe.
- Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa mtandao.
- Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ifutwe.
- Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ukiibiwa, toa taarifa polisi bila kuchelewa.

2. Mizani na stakabadhi

Mizani ya kidijitali husoma haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Mkulima wa pamba Bunda asimame mahali anapoona kioo mwenyewe. Kabla mzigo haujawekwa, kioo kisome sifuri. Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo, uone kama ni ya mwaka huu. Kisha linganisha kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi na zile ulizozisoma, kabla hujaondoka. Piga picha stakabadhi hiyo, kwa sababu karatasi hulowa na wino hufutika.

Mchimbaji mdogo wa Buhemba, wilayani Butiama, afuate utaratibu huohuo. Masoko ya madini yalianza kufunguliwa nchini mwaka 2019 ili dhahabu ipimwe na kuuzwa mahali penye usimamizi. Anayeuza kichochoroni hana karatasi ya kumtetea.

3. Kabla ya kununua kifaa

Kwa mvuvi wa dagaa, karabai ilikula mafuta ya taa kila usiku wa kazi. Taa ya sola haidai mafuta, ila bei yake hulipwa kwa mkupuo na betri huchoka. Basi piga hesabu kwa giza, yaani kipindi cha usiku usio na mbalamwezi, kama mnavyohesabu kazi yenyewe. Andika mafuta na tambi za giza moja zilikugharimu kiasi gani, kisha uone taa itarudisha fedha yake baada ya giza ngapi. Muulize muuzaji betri mpya ni bei gani na inapatikana wapi. Udhamini uwe wa maandishi.

4. Mikopo ya simu

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni. Kisha tazama ruhusa ambazo programu inaziomba. Ikitaka orodha ya watu uliowahifadhi kwenye simu, achana nayo: siku ukichelewa, shemeji yako na mteja wako ndio watakaotumiwa ujumbe wa kukudhalilisha.

Pima pia marejesho kwa mwendo wa kazi yako. Wakati wa mbalamwezi mitumbwi ya dagaa hupumzika, na pamba huuzwa msimu mmoja kwa mwaka. Deni la kulipwa kila wiki halijui hayo. Mvuvi au mkulima anayelichukua hujikuta anakopa kwa mwingine ili alipe la kwanza, na hapo ndipo kausha damu, mikopo ya riba ya kuumiza, inapoanzia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakulinda. Taarifa zako zikitumika vibaya, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi ujumbe wote uliotumwa. Usiufute kwa hasira.

5. Msifanye kila mtu kivyake

Wazee wengi wenye mitumbwi na mashamba huwapa vijana simu wawafanyie miamala, na namba ya siri huenda pamoja na simu. Hilo likome kwa kufundishana. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni (BMU), vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), vikundi vya akina mama wachuuzi wa samaki na vijiwe vya bodaboda vitenge muda katika kila kikao: mmoja afundishe kuangalia salio, mwingine kusoma masharti ya mkopo. Kila mwanachama awe na daftari lenye tarehe, kiasi na namba ya muamala, alinganishe na simu yake kila Jumamosi. Kikao kijacho kianze na *106#, kila mtu akipiga kwa mkono wake mwenyewe.